Aliyemjibia Nazmi

Jioni ile nilitumwa kazi ya nusu saa tu: kupeleka mfuko wa marehemu kwa mama yake.

Ilikuwa Desemba 1958. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya vilima vya Değirmendere, na baridi ya ghuba ilikuwa imeanza kung'ata masikio. Begani nilibeba mfuko wa turubai wenye sweta mbili, wembe, kofia ya kufuma, picha ya timu ya mpira, na jozi tano za soksi nilizozihesabu mwenyewe na kuziandika. Hiyo ndiyo kazi ya karani wa nyambizi. Hashiki usukani wala hagusi topido. Anaandika barua za likizo, anatunza kitabu cha historia ya chombo, na mtu akifa anapeleka mfuko.

Bi Melahat alifungua mlango kabla sijabisha.

Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, viganja vyekundu kwa baridi. Alinimiminia chai kwenye bilauri ndogo, akakaa mbele yangu na kuuweka mfuko wa mwanawe mapajani. Hakuufungua.

"Wewe ndiye Seyfi," alisema. "Uliyekuwa ukilala naye kitanda kimoja."

"Ndiyo, mama."

"Aliniandikia habari zako. Alisema unakoroma."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. Yeye hakucheka.

"Nani alimwona mwisho, mwanangu?"

Jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. "Mimi, mama. Alikuwa juu ya sitaha, wimbi likaja likamchukua. Hakuteseka."

"Ulimwona kwa macho yako."

"Kwa macho yangu."

Alinitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza tunaondoka lini. Nikamwambia kesho alfajiri, tunarudi Bahari Nyeusi kwa mazoezi. Akatikisa kichwa polepole, akanisindikiza hadi mlangoni.

Kwetu mtu akisafiri humwagiwa maji nyuma yake, aende kama maji na arudi kama maji. Humwagwa maji ya bomba au ya kisima, yaani maji matamu. Nilikuwa nimepiga hatua kumi hivi niliposikia ndoo ikimwagwa. Maji yalinifikia visigino.

Yalinuka mwani.

Niligeuka, ingawa wazee walitukataza kugeuka. Bi Melahat alikuwa amesimama kizingitini na ndoo tupu. Nyuma yake, ukutani, zilipangwa ndoo nyingine tatu, zimejaa, na njia ya kutoka ufukweni hadi mlangoni pake ilikuwa imelowa.

"Mama, hayo ni maji ya bahari."

"Najua."

"Maji ya bahari hayamwagwi nyuma ya msafiri."

"Simwagi kwa ajili yako," alisema, akafunga mlango.

* * *

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa na urefu wa miaka thelathini na sita, na nimechoka kuitembea. Kwa hiyo nitayasema kama yalivyokuwa.

Nyambizi yetu iliitwa Kırlangıç, yaani Mbayuwayu. Ilijengwa Marekani mwaka 1943. Nimeyaandika maisha yake mara nyingi hata nayajua kuliko ya baba yangu: doria sita dhidi ya Wajapani, meli tano zilizozamishwa, kupigwa mabomu mara mbili na kupona, kisha miaka ya kuota kutu bandarini hadi tulipokabidhiwa sisi Waturuki mwaka 1950. Tuliibadilisha jina, tukachinja kondoo gatini. Maandishi ya Kiingereza yalibaki kila mahali, hata chooni, ambako kulikuwa na maelezo ya kufungua valvu saba kwa mpangilio. Aliyekosea mpangilio alirudishiwa mzigo wake usoni. Kila baharia alijua Kiingereza cha choo, na wengi hawakujua kingine.

Tulikuwa watu sabini na wanane, na vitanda thelathini na tisa. Kila watu wawili walipewa kimoja. Mmoja akiwa zamu, mwenzake amelala. Wakibadilishana, anayelala anaingia kwenye joto la aliyetoka. Mimi na Nazmi Uysal tulikuwa kitanda cha kumi na nne, cha chini, chenye pazia la kijani. Nazmi alikuwa na damu ya moto. Alipokuwa akitoka kitandani alinipiga begani na kusema, "Nimekupashia, karani. Sema asante." Nilimpenda. Sikuwa na ndugu wa kiume, na yeye alinijazia nafasi hiyo bila kuombwa.

Sheria ilisema tukizama kila mtu aitwe kwa jina na ajibu mwenyewe. Hilo lilichukua dakika nne. Sajini Cavit, mkuu wa mabaharia, alikuwa na njia ya mkato iliyochukua dakika moja. Alipita na karatasi akiita namba za vitanda, na yeyote kati ya wawili alimjibia mwenzake. "Kumi na nne?" "Wawili." Akaweka alama, akapita. Hesabu ikipungua, tunaibuka juu mara moja. Kapteni aliipenda njia hiyo, maana kwenye mazoezi sisi ndio tuliokuwa wa kwanza kutoa taarifa kwamba watu wote wamo.

Siku ile ya Novemba, saa nane mchana, honi ya kuzama ililia. Nilikuwa kwenye kona yangu na mashine ya kupiga chapa, hatua mbili kutoka kitandani petu. Nazmi alikuwa ametoka zamu muda si mrefu. Pazia lilikuwa limefungwa.

"Kumi na nne?" akaita Cavit.

"Wawili," nikasema.

Sikunyanyua hata macho. Kulifungua pazia kungehitaji kunyoosha mkono tu, nami nilikuwa katikati ya sentensi.

Nazmi alikuwa juu. Alitumwa sitaha ya nyuma kufunga kamba iliyokuwa ikigonga, na afisa wa zamu alidhani amesharudi ndani. Tulikaa chini ya maji dakika hamsini. Tulipoibuka bahari ilikuwa tupu, ya kijivu, na kamba ilikuwa imefungwa vizuri sana.

Kapteni alituita mimi na Cavit kwenye chumba chake kidogo. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwishaamua.

"Andika," aliniambia.

"Niandike nini, afande?"

"Wimbi."

Nikaandika. Baharia N. Uysal alichukuliwa na wimbi chombo kikiwa juu ya maji. Mstari mmoja tu. Na kwa kuwa lilikuwa wimbi, si hesabu, hakuna aliyeibadilisha njia ile ya kuhesabu.

* * *

Safari ya Desemba nilipewa mwenzangu mpya, Ruhi, fundi wa topido, baba wa mabinti wanne, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa anakula.

"Karani, mimi nikilala napiga mateke," alinionya. "Mke wangu keshazoea. Na wewe utazoea."

"Tunalala kwa zamu, bwana. Utanipiga mateke saa ngapi?"

"Nitayaacha kwenye godoro. Utayakuta."

Siku ya kwanza Ruhi aliingia zamu saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nilikwenda kulala saa nne. Kitanda kilikuwa kimekaa kitupu saa nne nzima, na ndani ya chuma kile, majira ya baridi, godoro lisilo na mtu hugeuka barafu. Nilivuta pazia, nikajitupa.

Lilikuwa na joto.

Si joto la bomba wala la injini. Lilikuwa joto la mgongo wa mtu, lenye umbo, bega hapa na nyonga pale. Na lilikuwa na unyevu. Nilinusa kiganja changu...

Mwani.

Nikamfuata Ruhi huko mbele kwenye topido. "Umekwenda kulala asubuhi hii?"

"Mimi? Sijakaa hata kitako tangu saa kumi na mbili."

"Kitanda kina joto."

"Basi shukuru. Wengine wana wake na hawapati hilo."

Wenzake wakacheka. Nilirudi kwenye kona yangu nikalala sakafuni, kichwa kwenye kabati la mafaili.

Saa tisa alasiri tulizama. Cavit akapita na karatasi yake. "Kumi na nne?" Nilifungua mdomo nijibu, maana Ruhi nilikuwa nimemwona kwa macho yangu yuko na topido zake.

"Wawili," ilisema sauti nyuma ya pazia.

Cavit akaweka alama, akapita.

Nilibaki na mdomo wazi. Hesabu ilikuwa sahihi: mimi nipo, Ruhi yupo. Kilichonikausha mate ni ile sauti. Haikuwa ya Nazmi. Ningeijua ya Nazmi. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezama kwenye shughuli zake, mvivu kidogo, asiyetaka kusumbuliwa.

Ilikuwa sauti yangu.

Safari hii nilinyoosha mkono. Nikalivuta pazia. Hapakuwa na mtu. Shimo la kichwa lilikuwa kwenye mto, na maji yalikuwa yakijaa ndani yake polepole, kutokea chini.

Nilimtafuta Cavit jioni ile jikoni, akinywa chai peke yake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mgumu, aliyetumikia nyambizi za Kijerumani kabla ya hizi za Kimarekani. Nikakaa karibu naye.

"Afande," nilinong'ona, "turudi kwenye kuita majina."

"Kwa nini?"

"Ni sheria."

"Sheria ilikuwepo mwezi uliopita pia." Alikoroga chai yake. "Unataka kusema nini, karani? Kiseme."

Chai ilizunguka kwenye bilauri. Nilijua nikisema neno moja, nitasema yote: pazia, wimbi, kitabu. Na yeye alijua kwamba akiuliza swali moja zaidi, atalazimika kusikia.

"Basi, afande."

"Nenda kalale," akasema. "Macho yako mekundu." Lakini nilipoinuka alinishika mkono wa shati. "Karani... ulipojibu leo, mbona ulikuwa umeketi sakafuni na sauti ikatokea kitandani?"

Akaniachia, akageukia ukuta.

* * *

Siku ya tatu bahari ilichafuka. Ruhi alipangwa mnarani pamoja na walinzi wengine wawili na afisa wa zamu. Huko juu mlinzi hujifunga chomboni kwa mkanda, asichukuliwe na wimbi. Kabla ya kupanda alikuja kuchukua koti lake zito, akanikuta nimejikunja chini ya meza.

"Karani, hicho kitanda kina nini? Mimi mwenyewe jana nimelala nimeota naogelea."

"Ruhi, funga mkanda wako leo."

"Nimefunga mikanda kabla hujajua kuandika."

"Na ukisikia honi, shuka wa kwanza. Usimpishe mtu."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuchekesha. "Haya, ndugu yangu," alisema, akapanda ngazi.

Saa nane mchana honi ililia.

Mara mbili. Kisha mlio wa hewa ikitoka matangini, sakafu ikainama mbele, vikombe vikateleza. Nilisikia miguu ikishuka ngazi ya mnara kwa vishindo. Nilisikia mfuniko ukifungwa. Nikatambaa kutoka chini ya meza nikatazame nani ameshuka, lakini Cavit alikuwa tayari ameingia na karatasi yake, amejaza njia yote.

"Kumi na mbili?" "Wawili." "Kumi na tatu?" "Wawili."

"Kumi na nne?"

"Wawili," ilisema sauti yangu nyuma ya pazia.

Kalamu ikagusa karatasi.

"Mmoja!" nilisema.

Cavit akasimama. "Umesema wawili."

"Si mimi niliyesema. Ruhi sijamwona. Alikuwa juu. Afande, sijamwona!"

"Mita kumi na mbili," mtu aliita kutoka chumba cha usukani. "Mita kumi na tatu."

Cavit alitazama pazia, akanitazama mimi. Mabaharia waliokuwa vitandani walikuwa wameinua vichwa. "Karani, tukiibuka katikati ya zoezi na Ruhi akatokea chooni, kapteni atatula sote wawili. Una hakika?"

"Sina hakika. Na siku ile sikuwa na hakika vilevile." Nililionyesha pazia kwa kidole. "Sikumwona Nazmi. Pazia lilikuwa limefungwa, nikasema wawili. Hakuna wimbi. Nilimjibia bila kutazama. Nilimwua kwa uvivu."

Nyuma ya pazia kitu kikageuka, kama mtu anayegeukia upande wa pili ili asikie vizuri.

"Mita kumi na sita."

Cavit aliitupa karatasi. Sijawahi kumwona mzee akikimbia vile.

Tulipoibuka Ruhi hakuwa mnarani. Afisa wa zamu aliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba migongo mitatu ilipita mbele yake kuteremka, na kwamba wa tatu alikuwa ametota kuliko wenzake. Walinzi walioshuka walikuwa wawili. Tulimwona Ruhi mita mia moja nyuma yetu. Kwa koti lile na mabuti yale, mtu angezama kama nanga. Lakini alikuwa amelala chali, uso nje ya maji, kichwa kimeinuka kidogo kama kilichowekewa mto. Tulimvuta kwa kamba.

Kiunoni mkanda wake ulikuwa mzima. Chuma cha kufungia hakikuvunjika. Kilikuwa kimefunguliwa.

Nilikaa naye usiku na mchana uliofuata, nikimkanda mikono. Alipoweza kusema alinivuta karibu. Midomo yake ilikuwa na chumvi.

"Mkanda ulinasa," alinong'ona. "Chombo kikashuka na mimi. Nikajua ndio basi. Halafu akaja."

"Nani?"

"Hana macho, Seyfi. Nyuso zote kwake ni moja. Akanishika hapa, mkono wake wa moto, maji yote yale na mkono wa moto... Akauliza, nani alinijibia."

Nikaacha kumkanda.

"Akauliza mara ya pili. Nikamwambia. Seyfi, nikasema. Ndipo akaufungua mkanda." Machozi yalimtoka, akageuza uso. "Nisamehe, ndugu yangu. Nina mabinti wanne."

"Ulijuaje kuwa ni mimi?"

"Chombo kizima kilijua," alisema. "Cavit alijua. Sote tulijua. Tulikuonea huruma, tukanyamaza."

* * *

Kapteni alinisikiliza dakika moja. "Nazmi alichukuliwa na wimbi," alisema. "Kitabu kimeshaandikwa." Kisha akaniamuru niandike kwamba zoezi lilikatishwa kwa hitilafu ya pampu. Nikaandika. Ningekwambia kwamba nilikataa ningekuwa naongeza uongo mwingine, na ninao wa kutosha. Ila kuanzia siku ile Cavit aliita majina, moja baada ya jingine, dakika nne nzima, na hakuna aliyemharakisha.

Tulipofika nyumbani nilikwenda kwa Bi Melahat kwa miguu yangu. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana sikustahili kiti. Pazia, jibu, wimbi, Ruhi na mkanda. Nilitegemea kofi. Nililitamani.

Yeye alimaliza kukunja sweta la mwanawe. Mfuko sasa ulikuwa wazi.

"Huyo mwenzako," alisema, "alipoulizwa, alitaja jina lako lote au la kwanza tu?"

"La kwanza tu, mama."

"Seyfi."

"Seyfi."

"Aliyekufa maji huliwa macho kwanza," alisema kwa upole, kana kwamba ananifundisha kupika. "Hamjui tena mtu kwa sura. Anajua joto, na anajua jina aliloambiwa. Basi una muda. Pwani hii ina kina Seyfi wengi."

"Mama, mzuie. Wewe ndiye uliyemwita kwa yale maji."

"Nilimwita aje nyumbani. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Kunywa chai uende."

Alifariki mwaka 1963. Nyambizi ilistaafu 1972, ikakatwa vipande, na historia yake niliyoiandika mimi imehifadhiwa kwenye jalada la bluu, safi, haina doa.

Wa kwanza alikuwa Seyfi mpaka rangi wa mashua. Alikutwa chini ya gati mwaka 1961, bahari ikiwa shwari. Kisha Seyfi aliyekuwa mwalimu wa hesabu, akiogelea na wanafunzi wake. Kisha Seyfi wa kivuko. Seyfi kinyozi aliokolewa, akaishi siku mbili, na mkewe alinieleza mazishini kwamba mumewe alikuwa akirudia neno moja: si mimi, si mimi, sikujibu mimi. Nilihudhuria mazishi yao yote. Nilibeba majeneza. Watu walinisifu kwa moyo wangu mwema. Nilijiambia kwamba watu hufa maji popote palipo na maji, na pengine ni kweli. Kina Seyfi saba katika miaka thelathini na sita, kwenye ghuba ya watu wengi hivi, si ushahidi wa kitu. Mimi ni karani, najua hesabu ndogo haithibitishi jambo.

Lakini juzi mwanangu Tuncay alinipigia simu kutoka hospitali, sauti imemkauka kwa furaha. Mjukuu wa kiume.

"Tumeshaamua jina, baba."

"Lipi?"

"Seyfi. Kama wewe."

Nilimwomba abadilishe. Alicheka, akadhani naona haya. Nilimwomba tena, akaniuliza kama najisikia vizuri. Ni desturi yetu, mjukuu huchukua jina la babu. Kulikataa ni kumkataa mtoto. Keshokutwa Ijumaa imamu atakuja nyumbani kwao, nyumba ile mpya waliyoitafuta kwa miaka, yenye roshani inayoning'inia juu ya maji. Atamwadhinia mtoto, kisha atamnong'oneza jina lake sikioni. Mara tatu.

Ndiyo maana nimeandika haya, na alasiri hii, kabla imamu hajafungua kinywa chake, nitakwenda mwisho wa gati niyasome kwa sauti. Sijui kama anasikia. Sijui kama kuna anayesikia.

Nazmi. Mimi ni Seyfi Kandemir, mwana wa Halit, karani wa Kırlangıç, kitanda cha kumi na nne. Nakaa nyumba ya kijani nyuma ya tanuri la mikate, mlango haufungwi kwa ufunguo. Mimi ndiye niliyejibu.

Mtoto usimuulize.